Yuko Ndani? Safari ya Sigor kwa Mwalimu Langat

"Yuko ndani, ama hayuko?" Mama Kiprono aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mume wake, Mwalimu Langat, taulo mkononi. Nilikuwa nimesafiri siku tatu. Nilikuwa na digrii ya falsafa, na nilikuwa nimeandika tasnifu nzima kuhusu swali hilo hilo.

Niliporudi, rafiki zangu, mliniuliza kilichotokea kule, nikawaambia nimechoka, nitawaeleza baadaye. Nimewaficha kwa karibu miaka miwili. Haya ndiyo yaliyotokea.

Nairobi hadi Kericho

Wale ambao hamkusoma naye, Mwalimu Langat ndiye aliyetufundisha somo la akili na fahamu katika mwaka wetu wa mwisho. Ni mwaka ule ambao magazeti yalijaa habari za kompyuta iliyomshinda bingwa wa sataranji. Alikuja darasani na gazeti chini ya kwapa, akatuuliza kama kompyuta ile ilifurahi. Tukacheka. Yeye hakucheka. Alisema kitu kikijibu kama mtu, tukipe nafasi ya mtu mpaka tuwe na hakika, kwa sababu kumheshimu asiyekuwepo ni aibu ndogo, lakini kumpuuza aliyepo ni dhambi. Tulishangaa neno hilo, maana hakuwa mtu wa kanisa.

Mimi nilimpinga muhula mzima. Nilisema kauli si ushahidi, hata kasuku anazo. Nilisema lazima kuwe na jaribio, na masharti yake yawekwe kabla ya matokeo, yasibadilishwe baadaye ili kumpendeza anayejaribu. Alinipa alama ya juu na kuandika pembeni: "Bado hatujamalizana."

Kisha akapata kiharusi, akastaafu mapema na kurudi kwao Sigor. Oktoba akaniandikia, kwa mkono uliokuwa umeanza kuyumba. Alisema madaktari wamemwonya kwamba kingine kitakuja. "Njoo kabla hakijafika, tubishane. Hapa kila mtu ananiambia niko sawa. Sitaki kufa nikiwa nimekubaliana na kila mtu. Na nitakuambia ukweli, naogopa kidogo."

Barua hiyo nilikaa nayo hadi Januari. Nilijiambia barabara ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya. Ilikuwa ile mvua ya El Nino. Lakini barabara haikuwa sababu. Sikujua ningemwambia nini mtu anayeogopa.

Njia ya Narok ilikuwa imekatika, kwa hiyo basi lilipitia Nakuru. Karibu na Mau Summit tulikuta lori limelala limekingama barabara. Tukakaa hapo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Aliyeketi kando yangu alikuwa mama mmoja Mkisii aitwaye Moraa, mchumaji chai katika shamba moja kubwa nje ya Kericho, akirudi kutoka kwa binti yake. Alifungua mfuko akatoa mahindi ya kuchemsha, akanipa moja bila kuniuliza kama nina njaa.

"Sasa wewe unaenda wapi na hii matope?"

"Sigor, mama. Kumwona mwalimu wangu. Ni mgonjwa."

"Anafundisha nini?"

Nilichoka kabla ya kueleza. Nikamwambia anafundisha kama mashine inaweza kufikiri.

"Hata kwetu wanasema italetwa mashine ya kuchuma chai," akasema. "Nyapara alituonyesha picha. Nikamwuliza, na hii itajua jani limefika ama halijafika? Akasema itapita tu juu, ikikata. Nikamwambia basi hiyo si kuchuma, hiyo ni kunyoa."

"Na wewe unajuaje limefika?"

"Mimi sijui. Mkono ndio unajua. Majani mawili na kile kidogo cha katikati. Mimi niko kwa stori na wenzangu, mkono uko kwa kazi. Ukinisimamisha uniulize nimechukua gani nikaacha gani, siwezi kukuambia."

Nikatoa daftari. Hapo ndipo kitabu chote cha fahamu kilipo, nikawaza. "Sasa mama, mkono ukichuma na mdomo ukiongea, wewe mwenyewe uko wapi?"

Akaguguna mahindi, akafikiri. "Niko kwa mgongo," akasema. "Hapo ndipo ninasikia maumivu."

Watu wa viti vya nyuma wakacheka sana. Mimi nikaandika. Tulifika Kericho jioni, mvua ikinyesha kama kawaida yake ya huko, bila haraka na bila kuacha. Nililala katika gesti yenye blanketi lenye unyevu.

Kericho hadi Roret

Asubuhi nikaambiwa magari ya Bomet yanaishia Litein kwa sababu daraja limekatika. Nikafika Litein saa tano. Hapo nikakaa kwenye hoteli, nikinywa chai ya maziwa na kutazama watu waliokuwa wakiitazama barabara. Dereva wa lori la chai, Onchari, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, akasema anaenda Roret kuchukua majani, na kutoka Roret anajua njia ya ndani inayotokea Sotik.

"Ni njia nzuri?"

"Ni njia," akasema.

Sijui kama mmewahi kusafiri na lori la chai. Linasimama kila kituo cha kununulia. Wakulima wamepanga foleni na vikapu, karani ananing'iniza magunia kwenye mizani, mmoja anabishana kwamba maji ya mvua nayo yapimwe kama majani, karani anatoa jani lililokomaa na kulirusha chini, mama anaapa kwamba hilo si lake. Nusu saa. Halafu kilomita mbili. Halafu tena. Niliketi mbele na nilisikia harufu ya majani mabichi mpaka ikaingia kwenye nywele.

Mlima wa kwanza baada ya Roret, lori likazama hadi ekseli. Ilikuwa saa kumi. Onchari akashuka, akalizunguka mara moja, akarudi na kusema, "Tumefika."

Tulipokewa kwenye boma la karibu, kwa mzee anayeitwa Arap Sang. Mzee huyu hakuwa na furaha, maana magunia yake yalikuwa ndani ya lori lile. Majani yakikaa yamerundikana hupata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda kinayakataa. Kila baada ya muda alikuwa akienda nje, anaingiza mkono kwenye gunia, anarudi.

"Bado yako hai," alikuwa akimwambia mkewe.

"Unajuaje?" nikamwuliza, kwa sababu siwezi kunyamaza.

"Yako na baridi. Jani likianza joto, hilo limeshakwenda."

Nikafikiri kwamba kwa binadamu ni kinyume, lakini sikusema. Mkewe alitupa ugali, mboga ya managu na mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, machachu kidogo na yenye majivu, na nikanywa kikombe cha pili. Aliniuliza ninakokwenda. Nikamweleza kuhusu Mwalimu wa Sigor, mzee wa kiharusi, mwanafunzi kutoka Nairobi. Akatikisa kichwa kwa huruma na kusema pole sana. Nikasema asante.

Asubuhi nilipokuwa nikiondoka alinipa pakiti mbili za sukari na moja ya majani ya chai, zimefungwa vizuri kwenye gazeti. "Wape wale wa matanga," akasema. "Waambie hatuwajui lakini tumelia na wao."

Nikamwambia hajafa.

Akamtazama mzee, mzee akanitazama mimi, na viatu vyangu, na begi langu. "Sasa mtu ametoka Nairobi kwa hii mvua," mzee akasema polepole, "kwa mtu hajafa?"

Onchari aliicheka hadithi hiyo njia nzima. Sukari niliibeba. Ningeikataaje?

Roret hadi Sigor

Trekta ilituvuta saa mbili asubuhi. Njia ya Onchari kweli ilitokea Sotik, ingawa mara tatu tulishuka kuweka mawe. Sotik nikapata pikapu ya maziwa ya kwenda Bomet. Nikalala humo katikati ya mikebe, na hakuna aliyeniamsha. Nilipofumbua macho tulikuwa Silibwet, na dereva akasema alidhani nakwenda kwa watu wa huko. Nikarudi Bomet kwa miguu. Kutoka Bomet nikapata trekta iliyobeba mbolea, na pale ilipokata kona nikatembea saa moja na nusu. Huko Chepalungu chai inakwisha, yanabaki mahindi na ng'ombe, na ardhi inashuka.

Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka kumwambia nimefikiria swali lake, kwamba huenda hakuna kitu kinachoondoka, kama vile wimbo hauendi popote ukiisha. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilitaka anipinge.

Nyumbani kwake

Lango lilikuwa wazi na kulikuwa na wanawake wengi uani. Moyo ukanishuka. Nikajikuta naikumbatia ile sukari. Lakini walikuwa wakicheka. Mke wa Kiprono, yaani mkwe wa Mwalimu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume alfajiri hiyo, humo humo jikoni, kwa sababu mto ulikuwa umejaa na hapakuwa na njia ya kufika hospitali.

Mama Kiprono, mke wa Mwalimu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinijua kwa jina. "Nekesa. Wewe ndiye ulikuwa unamsumbua." Akanishika mkono, hakuuachia. "Umechelewa kidogo, mama. Kiharusi cha pili kilikuja Krismasi."

Mwalimu alikuwa amelala chali kwenye chumba kilichopakana na uwanja wa jikoni. Alikuwa amenyolewa vizuri. Macho yalikuwa wazi. Hakuna kingine kilichosogea, si kidole, si mdomo. Walikuwa wakimlisha kwa mpira mwembamba uliopita puani. Kwenye kiti palikuwa na gazeti la wiki iliyopita.

"Namsomea kila jioni," Mama Kiprono akasema. "Naanza na barua za wasomaji, kwa sababu ndizo zilikuwa zinamkasirisha. Pale hospitali walituambia tumlete nyumbani, tumtunze, hawajui. Watu wa kanisa wanasema roho imebaki kidogo tu. Kogo, mama yake, anasema atasema mwenyewe akitaka." Kisha akaniuliza lile swali. "Wewe ulibishana naye mambo haya haya muhula mzima. Yuko ndani, ama hayuko? Niambie tu. Kama yuko, nitasoma mpaka nife. Kama hayuko, ninasomea ukuta, na nimechoka."

Nikamwomba aniachie nusu saa.

Nilifanya kama alivyonifundisha, au kama nilivyodhani alinifundisha. Niliandika masharti kwenye daftari kwanza. Dirisha lilikuwa kulia kwake, ukuta kushoto. Nikainama juu yake. "Mwalimu, ni Nekesa. Kama unanisikia, tazama dirishani."

Macho yakapanda darini, yakashuka.

"Tazama dirishani, Mwalimu."

Yakapanda, yakashuka. Nikajaribu ukutani. Ikawa hivyo hivyo. Nilirudia mara kumi kila upande, nikingoja kati ya moja na nyingine. Hayakwenda kulia hata mara moja, wala kushoto. Na hata nilipokuwa kimya, nikiandika, yalikuwa yakipanda na kushuka haraka haraka, bila mpangilio niliouona. Nilijiambia hiyo ni mishipa tu. Sehemu moja yangu ilitaka kusema kwamba kupanda kule ni jibu. Nikaikataa, kwa sababu hilo silo nililoliuliza, na masharti hayabadilishwi baada ya matokeo. Nilijiona jasiri. Ni rahisi sana kuona mtu pale unapomtaka awepo.

Nikatoka nje. Mama Kiprono alikuwa akingoja na Kogo, bibi kizee mwenye umbo dogo sana aliyeketi kwenye kigoda.

"Nimejaribu kwa njia ninayoijua," nikasema. "Sidhani kama yuko tena, mama. Pole."

Hakulia. Alimtafsiria Kogo kwa Kipsigis, maneno machache. Kogo akauliza jambo.

"Anauliza kama una hakika."

"Hakika haiwezekani," nikasema. "Lakini ndivyo ninavyoamini."

Sijui ni sehemu gani ya sentensi hiyo iliyotafsiriwa.

Kumwita mtoto

Alasiri wakamwita mtoto jina. Ni watu wa kanisa, na mtoto angebatizwa baadaye kwa jina la Biblia, lakini hili la kwanza hufanywa na wanawake na hakuna mchungaji anayeulizwa. Mama Kiprono aliniketisha kando ya mlango wa jiko akawa ananieleza kwa kunong'ona. Jina hilo wanaliita kurenet. Wazee waliokufa wa ukoo huitwa mmoja mmoja mbele ya mtoto. Yule ambaye mtoto atapiga chafya jina lake likitajwa, ndiye aliyerudi ndani ya mtoto. Kidogo cha ugoro hupitishwa karibu na pua ili kumsaidia.

"Kwa hiyo ni jaribio," nikasema.

"Mwalimu alikuwa anasema ni jaribio la zamani kuliko yenu yote." Karibu atabasamu.

Kogo ndiye aliyekuwa akiita. Akamwita baba yake Mwalimu. Akamwita babu. Akamwita ami aliyekufa vitani. Mtoto alikunja uso tu, akalala. Wakaita wa mbali, majina ambayo hata Mama Kiprono hakuyajua, yakaisha, wakaanza upya. Mkunga, jirani mwenye mikono mikubwa, akasema mtoto huyu ni mkaidi kama watu wa nyumba hii. Wakacheka, lakini walikuwa wameanza kuchoka.

Kogo akamwinamia mtoto. Kisha akalitaja jina moja. Mkunga akamshika mkono akasema jambo kwa ukali.

"Amesema mtu aliye na pumzi haitwi," Mama Kiprono akanong'ona. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kogo amemwita Mwalimu."

Kogo akajibu bila kupandisha sauti. Mama Kiprono alichelewa kunitafsiria. "Anasema pumzi ni ya mwili. Anasema mwanafunzi wake mwenyewe amesoma hayo, na ameona ametoka. Anauliza, sasa tumwache azunguke nje kwa hii mvua?"

Mkunga akauachia mkono wake. Mimi sikumzuia, na maneno yalikuwa yangu. Dirisha la Mwalimu lilikuwa wazi, hatua sita kutoka pale.

Kogo akaita tena kwa jina la mwanawe. "Kipkemoi."

Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia.

Vigelegele vilipaa. Hata mkunga alipiga. Kogo akambeba mtoto, akavuka uwanja mbio mbio kama msichana, akaingia kwa mwanawe, sisi nyuma yake. Akamlaza mtoto kando ya kichwa cha Mwalimu, shavu kwa shavu, akaongea na mwanawe akimpapasa paji la uso.

"Anamshukuru kwa kurudi upesi," Mama Kiprono akasema. "Anamwambia sasa apumzike, asijisumbue tena na mwili huu."

Macho ya Mwalimu yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka. Yalikuwa na maji. Yalikuwa na maji tangu nilipofika.

Jioni Mama Kiprono alilichukua lile gazeti kwenye kiti, akalikunja, akaenda nalo jikoni kwa mtoto. Ile sukari ya Roret tuliinywa kwenye chai.

Kurudi

Nilirudi kwa siku mbili, na sikumbuki mengi. Machi nikapata barua kutoka kwa Mama Kiprono. Mwalimu aliishi wiki saba baada ya mimi kuondoka. "Tulimwosha na kumgeuza vizuri mpaka mwisho," aliandika. "Kusoma niliacha, kama ulivyonishauri, na nimepata kupumzika. Sasa namsomea Kipkemoi mdogo. Kogo anakusalimu sana, anasema ulitusaidia."

Ndiyo sababu sikuwaeleza mlipouliza. Sikuona kosa, na bado sikuweza kulala vizuri.

Mwezi uliopita nilikuwa nikimuuguza shangazi hospitalini. Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mwanaume aliyelala vile vile, macho wazi. Daktari mmoja kijana akainama, akamwambia: "Baba, kama ni ndiyo, tazama juu." Macho yakapanda. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamwuliza. Akanieleza kwa subira, ingawa alikuwa na haraka, kwamba kuna kiharusi kinachoufunga mwili wote na kuiacha akili nzima, mtu anasikia kila kitu, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo hawezi kutazama kulia wala kushoto. Anaweza kutazama juu na chini tu.